Vakyumu Ikishuka Kwenye Cessna: Fuata Hewa Kabla Hujanunua Pampu

Rubani ameshuka, ameandika kwenye kitabu cha hitilafu maneno mawili tu, "Vakyumu chini," yaani mvuto wa hewa unaoendesha baadhi ya saa za dashibodi umepungua, akaenda zake kunywa chai. Kabla hujafungua kifuniko cha injini, hangani tayari kuna wapiga ramli wawili. Wa kwanza anasema pampu imekufa, iagizwe nyingine. Wa pili keshashika bisibisi, anataka kukaza regyuleta, vali inayodhibiti mvuto huo, "kidogo tu" ili sindano ya geji irudi kwenye kijani. Mwongozo huu nauandika kwa sababu yao, na zaidi kwa sababu ya huyo wa pili.

Nazungumzia ndege ndogo za Cessna 172 na 206 zenye saa za kawaida za jairo (zenye gurudumu linalozunguka kasi ndani yake), zile zilizojaa uwanja wa Wilson wa Nairobi, Arusha na viwanja vya vumbi vya mbugani. Ndege nyingi za Piper hazipishani nazo sana. Kama wewe ni rubani au mwenye ndege na huna leseni ya ufundi, soma ili ujue cha kumuuliza injinia wako. Kushika spana na kutia saini ni kazi ya mwenye leseni ya KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya), TCAA (ya Tanzania) au mamlaka ya nchi uliko. Na namba zangu zikigongana na za kitabu cha matengenezo cha ndege yako, cha kufuata ni kitabu.

Kwanza, ijue njia ya hewa

Hewa inaanzia mle mle anamokaa rubani. Inaingia kwenye filta kubwa iliyofungwa nyuma ya dashibodi, kisha inagawanyika: mpira mmoja unakwenda kwenye horaizoni (ile saa yenye mbingu ya bluu na ardhi ya kahawia), mwingine unakwenda kwenye saa ya mwelekeo, ambayo hangani wote huiita DG. Ndani ya kila saa hewa inapiga meno madogo yaliyochongwa kwenye ukingo wa gurudumu, nalo linazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika. Ikitoka humo mipira inaungana, inapita kwenye regyuleta, inavuka ukuta wa chuma unaotenganisha rubani na injini, inafika kwenye pampu iliyofungwa mgongoni mwa injini, na pampu inaitema nje.

Kwa hiyo pampu ndiyo ya mwisho kwenye msafara. Inavuta tu kile inachofikishiwa. Kabla yake kuna filta, saa mbili, regyuleta, mipira kadhaa na klampu zisizopungua kumi, na kila kimoja kinaweza kuishusha sindano huku pampu ikiwa nzima kabisa.

Pampu nyingi za leo ni kavu. Ndani kuna rota na vibamba vya kaboni vinavyoteleza kwenye mitaro yake, bila tone la oili. Kaboni hiyo hujilainisha kwa kujila yenyewe polepole. Ndiyo maana pampu kavu haina desturi ya kuugua muda mrefu: leo inavuta vizuri, kesho kibamba kimefupika mno, kinakwama kwenye mtaro wake, rota inapasuka, na kapulingi ya nailoni inayoiunganisha na injini inakatika. Kapulingi imewekwa ikatike makusudi ili injini isidhurike. Mwanafunzi aliye hewani ajue hilo: vakyumu ikifika sifuri, injini yake haina neno. Pampu za zamani za kulainishwa kwa oili zilidumu sana, ila zilipaka tumbo la ndege mafuta. Na kabla ya hizo kulikuwa na venturi, bomba kama tarumbeta ubavuni mwa ndege, ambalo halikuvuta chochote mpaka ndege iwe na mwendo.

Regyuleta nayo ni vali yenye springi. Mvuto ukizidi kiwango, vali inafunguka na kuingiza hewa ya ziada ili usipande zaidi. Kazi yake ni kupunguza. Haina uwezo wa kuongeza nguvu ambayo pampu haina. Anayeikaza regyuleta ili kuficha mpira unaovuja anaiongezea mzigo pampu iliyokuwa imeshaanza kuhema, na pampu kavu huuawa na joto na mzigo.

Hatua ya kwanza: mtoe rubani kwenye chai

Maneno mawili kitabuni hayatoshi. Muulize: Sindano ilishuka ghafla au imekuwa ikishuka wiki nzima? Ilikuwa injini ikinguruma chini, au ndege ikiwa safarini? Saa zenyewe zilifanya nini? Na hili wengi hulisahau: ulikuwa wapi, futi ngapi?

Mwinuko una maana kubwa kwetu. Ukunda, kando ya bahari, kanieneo ya hewa siku ya kawaida ni karibu inchi 30 za zebaki. Wilson, futi 5,500 na ushei, ni kama inchi 24 na nusu. Pampu ni ile ile na mizunguko ni ile ile, lakini kila mmezo ni wa hewa nyembamba zaidi. Pampu iliyochoka au mpira unaovuja kidogo unaweza kujificha pwani mwezi mzima, halafu ndege ikahamia Nairobi na sindano ikaanguka siku ya kwanza. Mwenye ndege atakuapia kwamba imeharibikia Nairobi. Ilikuja imeharibika.

Kiwango cha kawaida kwa Cessna 172 nyingi ni inchi 4.5 hadi 5.5 za zebaki injini ikiwa kwenye mizunguko ya safari. Ikiwa chini, kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 1,000 hivi, sindano kukaa chini ya kijani si ugonjwa. Kwenye RPM 1,700, pale rubani anapokagua magneto (zinazotoa cheche za injini) kabla ya kuruka, inapaswa iwe imeshaingia kijani.

Hatua ya pili: soma geji pamoja na saa

Geji peke yake ni shahidi mmoja. Horaizoni na DG ni mashahidi wengine wawili, na ukiwasikiliza wote watatu kwa pamoja utakuwa umepunguza nusu ya kazi bila kugusa spana.

Geji iko sifuri lakini horaizoni imesimama wima na DG inafuata dira vizuri: pampu ni nzima. Mpira mwembamba wa geji umechomoka, au geji yenyewe imekufa.

Geji sifuri, na saa zote mbili zinalala: hapo ndipo una haki ya kuishuku pampu na kapulingi yake. Hata hivyo, mpira mkubwa uliochomoka kabisa kati ya regyuleta na pampu hutoa dalili zile zile, na kuurudisha ni kazi ya dakika tano. Uangalie kwanza.

Geji nzuri, saa moja tu inasumbua: tatizo liko kwenye saa hiyo au tawi lake la mpira.

Sindano inacheza, inapanda na kushuka: vali ya regyuleta ina uchafu, au kuna kitu kilicholegea kinachofungua na kuziba.

Sindano iko juu kupita kijani: hii watu huifurahia wakidhani ni afya. Mara nyingi ni filta ya sifongo inayoizunguka regyuleta imeziba, hewa ya ziada haipati pa kuingilia, na mvuto unapanda. Magurudumu ya jairo yanazungushwa kuliko inavyotakiwa na beringi zake zinalika.

Halafu kuna ile inayowashinda wengi. Geji iko katikati ya kijani, lakini horaizoni na DG zote mbili ni nzito: horaizoni inachelewa kusimama, DG inahama ovyo. Fundi anaangalia geji, anasema mfumo ni mzima, anazing'oa saa zote mbili na kuzipeleka kwenye karakana ya vyombo. Zinarudi na bili, zinafungwa, na ugonjwa uko pale pale. Sababu ni filta kubwa iliyoziba. Geji hupima tofauti kati ya pande mbili. Kama upande wake mmoja umeachwa wazi kwenye hewa ya chumba cha rubani, itaonyesha mvuto mzuri hata kama hewa haipiti kwenye magurudumu, kwa sababu mvuto upo kweli. Kinachokosekana ni mtiririko. Ila kama upande huo umeunganishwa baada ya filta, geji itashuka na kukuambia ukweli. Fungua mchoro wa mfumo wa ndege yako ujue geji yako ni ya aina gani. Ni karatasi moja, na italiokoa jina lako.

Hatua ya tatu: filta mbili

Anzia hapa hata kama una uhakika tatizo liko kwingine. Desturi ya watengenezaji ni kubadilisha sifongo ya regyuleta kila saa 100 za kuruka na filta kubwa kila saa 500, au zote kila ukaguzi wa mwaka. Hizo ni saa za ndege inayotua kwenye lami. Ndege inayolala Mara au Serengeti, inayoondoka kwenye murram mara nne kwa siku na dirisha wazi, haifiki huko. Sifongo yake utaikuta rangi ya matofali. Enzi za kuvuta sigara ndani ya ndege, filta zilikuwa zikitoka na lami ya tumbaku.

Kujaribu filta kubwa, peleka ndege kwenye lami safi isiyo na vumbi, itoe filta, washa injini kwa dakika chache tu uone kama saa zinaamka. Zikiamka, umempata mhalifu. Usiiache ndege hivyo hata kwa safari fupi, maana vumbi litakaloingia kwenye beringi za jairo halitoki kwa kupuliza.

Na filta haipulizwi. Najua kompresa iko pale pale na filta mpya iko Marekani. Ukipuliza karatasi unaipasua matundu usiyoyaona, na sifongo iliyooshwa kwa petroli huvunjikavunjika, vipande vyake vikaingia kwenye vali. Weka akiba ya sifongo tano stoo. Bei yake haifiki hata robo ya robo ya pampu.

Usishangae ukibadilisha sifongo sindano ikashuka badala ya kupanda. Sifongo iliyoziba ilikuwa ikipandisha mvuto, na uvujaji mahali pengine ulikuwa ukiushusha. Vilikuwa vimekutana katikati ya kijani na wote mkaridhika. Sasa umeondoa kimoja, kingine kimejitokeza. Hapa ndipo yule wa bisibisi hurudi mbio. Mzuie, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya nne: mipira na klampu

Hapa ndipo muda wako mwingi utakapokwenda, na mara nyingi ndipo penye jibu. Lala chali chini ya dashibodi na tochi. Fuata kila mpira kwa vidole kuanzia filta hadi ukutani, kisha upande wa injini hadi kwenye pampu. Ubonyeze. Mpira mzima hurudi. Mzee huwa mgumu kama ubao na hupasuka pale unapoingia kwenye nipeli (mdomo wa chuma unaovalishwa mpira), hasa ule ulio karibu na eksozi. Mwingine kwa nje unang'aa lakini ngozi yake ya ndani imebanduka na hujikunja injini ikivuta, kwa hiyo injini ikizimwa unapitisha hewa vizuri, ikiwashwa unajiziba. Huo utauonea wapi? Utoe, uchungulie ndani kwenye mwanga.

Uliza pia nani aliyefanya kazi nyuma ya dashibodi mara ya mwisho. Aliyefunga redio mpya mwezi jana alisukuma mipira kando ili apate nafasi ya mkono. Saa inapotolewa na kurudishwa, mpira wake hupinda nyuma yake bila mtu kuona, kama mpira wa bustani uliokanyagwa.

Povu la sabuni tunalotumia kukagua mtungi wa gesi nyumbani halifai hapa. Mfumo huu unavuta, haupulizi. Povu litaingia ndani na kuelekea kwenye vali na pampu. Tumia pampu ya mkono yenye geji, ile wanayotumia mafundi wa breki za magari. Chomoa mpira kutoka kwenye saa, ziba mwisho mmoja, vuta mwisho mwingine hadi inchi 5, subiri. Sindano ikikaa, mpira ni mzima. Ikishuka, umepata tundu. Fanya kipande kwa kipande. Ukijaribu mfumo wote pamoja na saa zake, sindano lazima ishuke, kwa kuwa saa zenyewe ni tundu halali.

Hatua ya tano: usimwamini shahidi bila kumpima

Kabla hujagusa regyuleta, thibitisha kwamba geji ya ndege haisemi uongo. Unganisha geji iliyopimwa kwa kiungo cha T kwenye mpira unaotoka horaizoni, iwekwe ndani ya chumba cha rubani. Kila kitu kifungwe injini ikiwa imezimwa, funguo ya magneto mfukoni mwako. Weka mawe au mbao kwenye matairi ya ndege, mtu mmoja akae ndani mguu ukiwa kwenye breki, na asiwepo mtu mbele ya panga (propela). Nimeona fundi akitaka kunyoosha mkono arekebishe klampu injini ikinguruma. Injini inazimwa kwanza, hata kama ni mara ya kumi siku hiyo.

Soma geji zote mbili kwenye RPM 1,000, 1,700 na 2,300, andika. Zikitofautiana kwa kiasi kilekile kote, geji ya ndege ndiyo mwongo, na umemaliza kazi bila kuchafua mikono.

Kosa moja la kuepuka hapa: usiizibe kabisa njia ya kuingilia ya pampu kavu injini ikiwa imewashwa, eti upime nguvu yake ya mwisho. Pampu inapozibwa haipati hewa ya kuipoza, na utakuwa umeiua kwa kipimo chako.

Hatua ya sita: sasa regyuleta

Filta ni mpya, mipira ni mizima, geji inasema kweli, na mvuto bado umetoka nje ya kiwango kidogo. Sasa, na si kabla, chukua bisibisi. Injini iwe imepata moto. Geuza skrubu robo mzunguko, pandisha RPM hadi kiwango kilichotajwa kitabuni, soma, shusha. Ukiona umegeuza zaidi ya mzunguko mmoja na sindano haijali, acha, rudisha skrubu ulipoikuta. Regyuleta inakuambia pampu haina cha kutoa.

Niliwahi kupokea 206 iliyotoka mbugani ikiwa na pampu ya pili ndani ya mwezi mmoja, nayo imekufa. Skrubu ya regyuleta ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Tulipoutoa mpira kati ya pampu na regyuleta, ukamwaga unga mweusi mezani. Pampu ya kwanza ilipopasuka, mabaki yake yalirudi kwenye mpira. Pampu ya pili ikafungwa hapo hapo bila kusafisha, regyuleta ikiwa imekazwa, ikaanza kunywa unga wa marehemu mwenzake. Mpira uliovuja ulikuwa nyuma ya DG, na haukuwa umeguswa na mtu yeyote.

Hatua ya saba: pampu, ikiwa kweli ni pampu

Baadhi ya pampu za kisasa zina kijitundu chenye kizibo ubavuni. Unaingiza kipimo na kuona vibamba vimebaki urefu gani. Kama yako inacho, kitumie kila ukaguzi. Kama haina, ing'oe, izungushe kwa mkono kuelekea upande wake. Inatakiwa iende laini, yenye ukinzani kidogo. Ikikwaruza, ikigota, au kapulingi ikizunguka peke yake huku rota imetulia, imekwisha.

Angalia sehemu inapokaa kwenye injini. Kuna oili? Sili ya shafti ya injini inavuja, na oili ikiingia kwenye pampu kavu inachanganyika na unga wa kaboni kuwa kama dawa ya viatu. Ukifunga pampu mpya bila kubadilisha sili, umeifungia kaburini. Oili hiyo hiyo, au petroli, huingia pia siku ya kuosha injini. Funika pampu na mpira wake wa kutolea kabla hujafungua bomba.

Kwenye kufunga mpya, haya ndiyo yanayoua pampu kabla haijatimiza saa kumi. Usiibane kwenye jiliwa kwa kiwiliwili chake. Kaboni ndani hupasuka bila sauti. Iliyoanguka sakafuni, hata ndani ya boksi lake, usiifunge. Kwenye nipeli usizungushe tepu ya Teflon wala kupaka dawa ya kuziba nyuzi zake. Kipande kimoja kikiingia ndani, basi. Silikoni kidogo ya kunyunyiza inatosha. Hakikisha pampu ni ya upande wa mzunguko wa injini yako, kwa kuwa vibamba vimelazwa kufuata upande. Gasketi mpya, washa mpya za nati, na nati za nyuma, zile ambazo mkono haufiki, zikazwe kwa kiwango cha kitabu kama zile za mbele. Spana ya kawaida haitafika huko. Wengi tumeisaga moja kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Kuhusu kuzungusha panga kinyumenyume kwa mkono, mafundi watabishana hadi jua lizame kama linadhuru vibamba. Mimi silizungushi.

Kisha safisha. Mipira yote kati ya pampu na regyuleta itolewe, ipulizwe ikiwa nje ya ndege kabisa, au itupwe. Fungua regyuleta uangalie unga. Usipulize hewa ya kompresa kwenye mpira ulioungwa bado na saa. Jairo litazungushwa mpaka beringi zilie, na kaboni yote utakuwa umeihamishia humo.

Saa zenyewe

Kama hewa yote iko sawa na saa moja bado inakataa, isikilize. Zima injini, zima umeme wote, tulia. Gurudumu zima huendelea kuzunguka dakika kadhaa likilia kwa sauti nyembamba inayofifia. Likisimama upesi au likakwaruza kama changarawe kwenye sufuria, beringi zimekwisha na saa iende kwenye karakana yenye kibali.

Kwa DG kuna jambo la kwetu linalostahili kuelezwa. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba isihame zaidi ya digrii 3 kwa dakika 15. Marubani waliosomea Ulaya watakuambia sehemu ya kuhama huko ni dunia inayozunguka chini ya jairo, na ni kweli, kwao. Kiasi chake ni digrii 15 kwa saa zikizidishwa na sine ya latitudo. London hiyo ni karibu digrii 12 kwa saa. Dar es Salaam haifiki digrii 2, na Nairobi, inayokaa digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, ni theluthi ya digrii. Kwa hiyo DG ikihama Wilson, usiisingizie dunia. Ni beringi, ni hewa kidogo, au ni rubani aliyesahau kuipanga na dira.

Kwa aliye hewani

Mfumo huu hauui kwa kukatika, unaua kwa kudanganya. Pampu ikifa, magurudumu hayasimami pale pale. Yanapungua kwa dakika, na horaizoni inalala polepole sana. Rubani aliye mawinguni anaifuata inavyolala, anadhani ananyoosha ndege kumbe anaizungusha kwenda chini. Usiku wa Oktoba 16, 2000, gavana wa jimbo la Missouri, Marekani, Mel Carnahan, alikufa kwenye Cessna 335 pamoja na mwanawe aliyekuwa akiirusha na mwenzao mmoja. Horaizoni ya upande wa rubani iliharibika wakiwa kwenye hali mbaya ya hewa, naye akajaribu kurusha kwa kuitazama ya upande wa pili. Wachunguzi walihitimisha kwamba rubani alipoteza mwelekeo, na hitilafu ya horaizoni pamoja na hali ya hewa vilichangia.

Kionyeshi cha kugeuka kwenye Cessna nyingi kinatumia umeme, makusudi, ili kisife pamoja na wenzake. Geji ikishuka, mtazame huyo, dira, mwendo na mwinuko; kisha funika horaizoni na DG kwa kipande cha karatasi, maana jicho lililozoea haliachi kuzitazama. Tafuta mahali unapoona ardhi, tua.

Kurudisha ndege kazini

Jaribio la kwanza la kuruka liwe mchana, mbingu wazi. Kabla ya hapo washa, subiri horaizoni isimame ndani ya dakika tano, endesha ndege kushoto na kulia uwanjani: DG ifuate, horaizoni isiiname zaidi ya digrii 5. Kisha andika kitabuni namba, si "imerekebishwa". Atakayeifungua baada ya saa 100 hatakuwa na wewe hapo. Mimi ya mwisho niliandika hivi: Wilson, injini moto. RPM 1,700, inchi 4.8. RPM 2,300, inchi 5.1. Filta zote mbili mpya. Mpira wa kutokea DG ulipasuka kwenye nipeli, umebadilishwa. Pampu ile ile. Regyuleta haikuguswa.